Maji Aliyomwaga Lushinge

Machimboni, upande wa Geita,
Kiangazi, pamba ya huko kwenu ikiwa imeshauzwa.

Dada yangu mpendwa, Mama Kulwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeipokea huku macho yako yakiwa kwa mgeni aliyekupa bahasha. Mwangaluka kwa shemeji yangu Baba Kulwa. Hamjambo wote? Mgongo wa shemeji umepoa? Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anampiga ndama mateke ameshajua kulea ni kazi yake mwenyewe? Kulwa na Doto wanasoma, au wamemrithi mjomba wao, shule wanaijua kwa kuipita njiani? Mimi ni mzima. Hata nimenenepa kidogo, maana mwili wangu haukufundishwa kukonda. Kinachotumaliza huku ni vumbi. Ukipiga chafya hapa, jirani anauliza kama umeanza kuchimba.

Sasa dada, kabla hujamkaribisha mgeni huyo au kumfukuza, soma kwanza barua hii mpaka mwisho. Anaitwa Lushinge. Ndiye yule rafiki yangu ninayekuandikia habari zake kila mara, yule mrefu wa Segese tunayeshika naye kamba moja. Nimemwambia akae uani, asiingie ndani mpaka umalize kusoma. Kuna maneno yanakuja nyuma yake, na huenda yamemtangulia. Yanasema kwamba mtu huyu ni mchawi, na kwamba walinzi wa jadi walimfunga kamba mbele ya watu. Kumfunga walimfunga, hilo ni kweli, nilikuwepo. Uchawi ni uongo. Na kwa kuwa shemeji yangu ndiye mshika filimbi wa walinzi huko kwenu, nakuomba umsomee barua hii kwa sauti, usiruke neno, hata pale ninapojisifu. Kwao Segese wamemfungia mlango. Na nyinyi mkimfungia, mimi sijui aende wapi.

Yote haya yameletwa na video.

Hapa machimboni kuna mama mmoja, Bi Rukia, Mmanyema wa Shinyanga mjini, mwenye kilemba cha kupendeza na sauti ya mnada. Alikuja na jenereta, televisheni na deki, akajenga banda la matete na maturubai pembeni ya maandazi yake, akaanza kuonyesha filamu. Mwanzoni zilikuwa za ngumi. Tukazizoea, tukawa tunapigana vizuri kuliko wao. Ndipo alipoleta kanda mbili za watu wa nyotani. Si malaika, dada, usimtishe katekista. Ni watu kama sisi, ila wanasafiri na vyombo vya chuma kutoka nyota hadi nyota kama wewe unavyotoka Mhunze kwenda gulioni.

Nikueleze kwa kifupi, maana bila hilo hutaelewa kwa nini watu wazima walifungana kamba. Katika filamu ya Kwanza, nchi yao imekauka, hakuna hata tone. Wanatuma chombo kikatafute maji kwenye nyota nyingine. Kapteni wake ni mwanamke mwenye kipara, mkali kuliko wewe ukikuta ugali umeungua. Sisi tulimwita Mama Kapteni. Msaidizi wake si mtu, ni mashine yenye mikono na miguu, inasema na kufikiri. Tulimwita Debe, kwa jinsi anavyolia akitembea. Debe ndiye mchimbaji wao, na hapo ndipo wachimbaji wa hapa walipompenda. Wanafika kwenye nyota ya barafu tupu, Debe anachimba, maji yanapatikana. Lakini chombo kikishajaa maji kinashindwa kuruka. Lazima kitu kizito kibaki. Anabaki Debe. Filamu inaishia hapo: Debe kasimama peke yake kwenye barafu, kainua taa yake juu ili wenzake waone njia ya kuondokea. Basi. Dada, wanaume wenye ndevu walitoka bandani wakipenga kamasi, wakasingizia vumbi.

Ya Pili ni moto mtupu. Debe anatoka kwenye barafu na jeshi la mashine alizoziunda mwenyewe, anawafuata wale waliomwacha, vyombo vinapasuka angani kama mahindi kikaangoni.

Mtafsiri wa ya Kwanza alikuwa mimi. Ndiyo, mdogo wako! Nasimama pembeni ya televisheni na fimbo, Wazungu wanasema yao, mimi nasema Kiswahili, na pale Kiswahili kinapopungua naongeza Kisukuma. Kiingereza changu unakijua, ni cha darasa la sita lililokatikia katikati. Lakini mimi ni mtu niliyesimama mlangoni pa jumba la sinema kule Mwanza nikichana tiketi, si mtu wa kubahatisha. Nisipoelewa maneno natazama uso, na uso hausemi Kiingereza. Ya Pili ilitafsiriwa na Lushinge. Yeye ana Kiingereza kidogo kuliko changu ila ana sauti kubwa, na kwa filamu ya mabomu sauti inatosha.

Ubishi ulianza kama utani, tukiwa tumekaa mdomoni mwa shimo tunakula michembe ya viazi.

"Ya Kwanza ndiyo filamu," nikasema. "Ya Pili ni kelele."

"Kelele?" Lushinge akacheka. "Ngosha mwenzangu, ya Kwanza haina mwisho. Mtu kalipa kiingilio chake, unamwonyesha debe limesimama kwenye baridi. Hayo ni matanga, si filamu."

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Maganga, mtu wa upande wangu, asiyejua kusema bila kusimama. Akasimama. "Ya Pili imeharibu kila kitu! Aliyeinua taa hawezi kurudi na moto! Debe ni mtu mwema!"

"Wewe Maganga," akasema Lushinge, "tukikuacha chini ya shimo, ukajitoa mwenyewe, utarudi kwetu na nini? Na maandazi?"

Watu wakaangua kicheko. Maganga hakucheka. "Kwa hiyo wewe tukikuacha utatuua?"

"Niacheni, mtajua."

Utani, dada. Lakini utani wa machimboni haufiki mbali kabla haujakuta jiwe. Watu wakagawanyika, Wa Kwanza na Wa Pili. Wengine walisema Mama Kapteni alifanya sawa, kuokoa nchi nzima kwa mashine moja. Wengine wakasema kapteni anayekata kamba ya mchimbaji wake hastahili kuitwa mtu. Wakaacha kula sahani moja. Mtu mmoja alivunjwa jino kwa kusema kipara cha Mama Kapteni ni cha kubandika. Haya yote ningeyacheka, kama yasingefika kwenye kamba.

Kwenye shimo letu kuna desturi. Anayeshuka hushika kamba, na walioishika juu humwambia, "Tumekushika." Naye hujibu, "Nimeamini." Hashuki mpaka ajibu. Basi ikafika siku mtu wa Pili akashushwa na watu wa Kwanza, wakamwambia "Tumekushika" huku wametazama pembeni, naye akashuka kimya. Mkuu wa shimo letu alimwona, akabadilika rangi. Akasema, "Malizeni huu ujinga, au nafunga shimo."

Tukaamua kuumaliza kama wazee wetu wanavyomaliza, kama yale makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanavyoshindana kwenye ngoma. Uwanja mmoja, wakati mmoja, ngoma mbili, na watu ndio waamuzi. Penye umati ndipo penye ushindi. Sheria tulizikubali zote: ngoma ikipasuka katikati ya mchezo, mwenye ngoma kashindwa, hana kesi. Na shemeji anajua, na mimi najua, kwamba kwenye ngoma hizo kila mtu huingia akiwa na wasiwasi wa dawa. Mmoja akijikwaa tu, inasemwa kazikiwa kitu. Kosa letu ni hilo: tuliichukua ngoma, tukachukua na wasiwasi wake.

Mfanyabiashara mmoja wa Chato akaleta deki na televisheni ya pili. Tukajenga banda lingine kuelekeana na la Bi Rukia, ya Kwanza kwenye la Bi Rukia, ya Pili kwenye lile jipya. Jenereta ilikuwa moja, ya Bi Rukia, ikasogezwa upande wa banda jipya. Waya wa banda letu ulikuwa mfupi, akauunga, pale penye kiungo akafunga kitambaa, akaufukia kwenye udongo ili watu wasijikwae.

Siku yenyewe mchana watu walikuwa kama siafu. Wamekuja mpaka kutoka vijijini, akina mama na watoto mgongoni, na wafuga ng'ombe na fimbo zao. Dada, siku hiyo nilitafsiri! Nilitafsiri mpaka Wazungu wenyewe kwenye kioo nikawaona kama wananisubiri nimalize. Banda letu likajaa, maturubai yakavimba. Upande wa pili nasikia mabomu na sauti ya Lushinge, lakini watu wanatoka kule wanakuja kwangu. Nikajua nimeshinda. Chombo kimejaa maji, Mama Kapteni kageuza uso, Debe anatembea kwenda kwenye barafu, ngwa, ngwa, ngwa. Mkono wake unashika taa.

Kioo kikasinyaa kikawa nukta. Nukta ikazimika.

Kisha kutoka banda la pili tukasikia bomu likipasuka. Yao inawaka! Jenereta moja, umeme mmoja, yao hai na yetu maiti.

Maganga akapanda juu ya benchi. "Dawa! Nilimwona kwa macho yangu! Asubuhi, Lushinge, na ndoo, anazunguka banda letu anamwaga maji, midomo inacheza! Nikadhani anasali!"

Hakuna mtu aliyesema "tulieni." Umati ulitoka kama maji ya lambo lililobomoka. Walimkuta Lushinge bado ana fimbo ya kutafsiria mkononi, wakamwangusha. Mtu akapiga filimbi. Ikajibiwa na filimbi nyingine kutoka kijijini, na nyingine mbele yake. Shemeji anazijua filimbi hizo zinavyopokezana. Walinzi wakafika na pinde zao, wakamketisha Lushinge chini katikati ya uwanja, mikono nyuma, kamba. Kamba ya shimoni kwetu, dada, ile ile.

Mkuu wao wanamwita mtemi. Mtu mfupi, mwembamba, mwenye koti la kijeshi lililomzidi. Ningefurahi kama angefoka. Huyu alinong'ona.

"Nani aliyeharibiwa?"

Vidole vyote vikanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyevunjiwa ngoma," akaniambia. "Basi neno ni lako. Hii ni dawa au si dawa?"

Ona nilipokuwa nimesimama. Nikisema dawa, ya Kwanza imeshinda, maana wapinzani wamecheza kwa uchawi, na mimi nitabebwa mabegani. Na Lushinge atapelekwa porini, na unajua watu huwa hawarudi kutoka pori hilo. Nikisema si dawa, ngoma yetu imepasuka yenyewe na mimi nimeshindwa mbele ya nchi nzima. Mimi, Masele! Tangu nizaliwe sijawahi kukubali kushindwa hata kwenye bao. Unakumbuka nilivyokuwa nameza kete.

Nikasema, "Mtemi, hakuna dawa. Video imekufa kifo chake. Tumeshindwa."

"Msaliti!" akapiga kelele Maganga.

"Umeshindwa kweli?" akauliza mtemi.

"Nimeshindwa. Ya Pili ni bora." Maneno hayo yalitoka kama jino la gego.

Nilidhani yameisha. Ndipo Bi Rukia alipotokea, kilemba kimelegea, ameshika waya mkononi, unadondosha tope. "Hiki hapa kilichoua deki yangu! Kiungo kimelowa chapachapa, kitambaa kimeungua! Nani kamwaga maji juu ya waya wangu, kiangazi hiki?"

Uwanja wote ukanguruma. "Si nilisema!" Maganga akawa anarukaruka. "Ni yeye!"

Mtemi akachuchumaa mbele ya Lushinge. "Ulimwaga maji?"

"Nilimwaga."

"Kwa nini?"

Lushinge akatazama chini.

"Nimekuuliza kwa nini."

"Sina la kusema."

Dada, nilimwona mlinzi mmoja akitoa mshale na kuuweka kwenye upinde, taratibu, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Watu wa Pili, watu wake mwenyewe, walikuwa wamesimama nyuma kabisa, kila mmoja anajifanya hajawahi kumwona. Nikapiga magoti pembeni yake. "Lushinge, sema! Sema chochote!" Akatikisa kichwa. Nilimwona anatazama wale watu wake kuliko alivyoutazama mshale. Nikaona mtu huyu anaogopa kitu kikubwa kuliko kufa, na sikujua ni kitu gani.

Nikashika njia pekee niliyokuwa nayo, mdomo wangu. Nikasimama nikasema kwa nguvu, "Mtemi, mwache! Hata asingemwaga maji wangetushinda! Ile ya Kwanza ni filamu ya watoto! Haina kitu! Ule mwisho wake, Debe na taa, ni upuuzi mtupu!"

"Masele, nyamaza!"

Ni Lushinge. Amefungwa, mshale uko mbele yake, na amenikasirikia mimi.

"Usiitukane taa," akasema. "Wewe ndiye uliyeitafsiri, unaitukana? Upuuzi gani? Ameachwa gizani, kitu pekee alichonacho ni taa, na hiyo taa anawainulia wanaomwacha! Unaita upuuzi? Nipe sababu! Usinipe ushindi wa huruma, nipe sababu!"

"Sababu ni... haina mabomu," nikasema.

"Mabomu! Mabomu yana maana gani kama hujaona taa kwanza? Mtu akiona ya Pili bila ya Kwanza ameona nini? Ameona moto tu!"

"Lakini wewe ulisema ni matanga!"

"Nilisema! Si lazima niseme? Mimi ni mkubwa wa watu wa Pili!"

Akauma ulimi, akawatazama watu wake. Mtemi alikuwa anatutazama kama mtu aliyefungua zizi akakuta samaki.

"Kwa hiyo," akanong'ona, "wewe ni wa Pili, lakini unapenda ya Kwanza."

Lushinge akaanza kulia. Mtu mrefu vile. "Vumbi linaua deki, mzee. Kila mtu anajua. Nikasema umati utakuwa mkubwa, vumbi litapanda, itakufa kabla ya mwisho. Nikaamka mapema nikamwaga maji kuzunguka banda, vumbi lilale. Sikujua waya umepita pale. Nilitaka watu wafike kwenye taa. Hata wakitushinda, wafike."

"Na midomo? Huyu anasema midomo yako ilikuwa inacheza."

"Nilikuwa nasema maneno ya Debe. Yale ya mwisho."

"Yaseme."

Lushinge akavuta kamasi, akainua kichwa. "Nendeni. Maji yasimwagike. Mimi baridi naijua."

Nikaona akina mama wakifunika midomo kwa khanga. Na mimi nikamgeuzia uso, maana maneno yale, dada, Debe hakuyasema. Mzungu alisema kitu kirefu kilichofunikwa na injini, na mimi nikatia nilichoona usoni. Ni maneno yangu mimi mdogo wako, ndiyo huyu mtu alikuwa anayasali alfajiri na ndoo mkononi. Katika maisha yangu yote ya kujisifu hakuna sifa niliyopata kubwa kuliko hiyo, na sikuweza kuitaja.

Mtemi akasimama. "Huyu si mchawi," akasema. "Huyu ni mjinga aliyependa kitu. Kwa ujinga mimi sina mshale. Mfungueni."

Wakamfungua. Walinzi wakaanza kujipanga kuondoka, na mtemi akageuka, akamuuliza Lushinge, "Huyo Debe. Wenzake walipofika kwao na maji, wakapona, walirudi kumchukua?"

"Kwenye ya Pili anatoka mwenyewe, mzee, anawa..."

"Sikuuliza kama alitoka. Nimeuliza kama walimfuata."

Lushinge akanitazama. Mimi nimeziona filamu zote mbili mpaka mkanda umechoka, na sikuwahi kujiuliza. "Hapana," nikasema. "Hawakumfuata."

"Basi zote mbili hazijaisha," akasema mtemi, akaenda zake.

Ningependa niishie hapo, dada, maana hapo inapendeza. Lakini mtu akishaitwa mchawi, kumfungua kamba ni kazi ndogo. Watu wa Pili walimwita Yuda, wakamwondoa kwenye benchi lao. Watu wangu wa Kwanza, ambao alitaka kuwasaidia, wakasema maji ya kawaida hayaui mashine, mtemi kadanganywa na machozi. Bi Rukia peke yake ndiye aliyempa chai, akamwambia, "Mwanangu, siku nyingine uniulize waya ulipo."

Kesho yake tukaenda shimoni. Zamu ya kushuka ilikuwa yake. Akashika kamba, akasubiri. Wale wawili ninaoshika nao kamba wakaweka mikono mifukoni. Nikasema peke yangu, "Nimekushika." Akanijibu, "Nimeamini." Akawa tayari kushuka, dada, kwa mikono yangu miwili tu, na kamba ile hushikwa na watu watatu! Nikamkataza. Tukasimama hapo jua linapanda. Mkuu wa shimo akaniita pembeni. Si mtu mbaya. Akasema, "Masele, wewe ni mtu wa watu. Lakini hakuna atakayeshuka shimo moja na yeye, wala kumshikia. Siku ukuta ukimwaga kokoto kidogo tu, watamzika wakiwa wanamtazama."

Nilitaka kupigana na kila mmoja kwa zamu. Lushinge akanizuia. Akasema, "Mimi naondoka. Wewe ukiondoka na mimi watasema tumekimbia wachawi wawili." Ndiyo maana nimebaki, dada. Nabaki hapa kila siku nikieleza habari hii kwa yeyote mwenye masikio, mpaka wachoke kunisikia, na unajua mimi sichoki kusema.

Alituma salamu kwao Segese. Mjomba wake akajibu kwa dereva wa lori kwamba asishuke, watu wameshasikia, nyumba itachomwa. Basi atakuwa amepita Segese ndani ya gari, ameinamisha kichwa kwenye kituo cha kwao. Fikiria hilo unapomtazama.

Shemeji yangu, sasa nasema na wewe. Wewe una filimbi. Habari ikifika kwako kutoka kwa walinzi wenzako, waulize jambo moja tu: mtemi wa huku alisema nini. Alimfungua. Wote waliokuwepo walisikia. Sikuombi umfiche mtu wangu. Nakuomba umsimamishe mbele ya walinzi wako mchana kweupe, useme huyu ni mgeni wangu, mwenye neno aseme. Ukimficha ataonekana mchawi. Ukimsimamisha ataonekana alivyo.

Na si mzigo. Mkono wake kwenye sululu sijaona mfano, ukiondoa wangu. Kisima chenu cha bondeni najua kiangazi hiki kinatoa tope. Mpeni akichimbe, atafika chini mpaka maji yaombe msamaha. Hanywi pombe. Anakula sana, hilo siwezi kulificha. Na usimwache aanze kueleza filamu wakati una kitu jikoni, kitaungua.

Nisalimie mama mkwe wako, mwambie ule ugoro wake mzuri bado nautafuta, huku wanauza majivu. Babu mchunga madume, mwambie mjukuu wake bado hajaoa, asiache kuniombea. Shangazi wa kule kisimani, nisalimie mguu wake mbovu na mzima. Katekista, mwambie nasali, hata kama si kila mahali anapopenda. Kulwa na Doto waambie mjomba ana hadithi ya mashine iliyoinua taa, lakini wamwombe mgeni awaeleze, yeye anaijua vizuri kuliko mimi. Wabeja sana, dada, kwa kunisoma mpaka hapa.

Sasa kunja karatasi. Nilimwambia akae uani mpaka aitwe, lakini namjua: hata ukimwita atasita, atasema amekosea nyumba. Usimwite. Toka nje umfuate.

Ni mimi mdogo wako asiyeisha maneno,
Masele